Vikwazo kwa Majaribio ya Makombora: Tanzania Kati ya Rhodesia na Pyongyang

Tarehe 15 Julai 2006, Tanzania iliunga mkono Azimio namba 1695 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililoilaani Korea Kaskazini kwa makombora iliyoyarusha siku kumi zilizotangulia. Tanzania ilikuwa katika mwaka wake wa pili na wa mwisho kama mjumbe asiye wa kudumu wa Baraza hilo. Miezi mitatu baadaye, baada ya Pyongyang kufanya jaribio la nyuklia, ilipiga tena kura ya ndiyo kwa Azimio namba 1718 la tarehe 14 Oktoba. Azimio hilo la pili lilipiga marufuku biashara ya silaha nzito na Korea Kaskazini, na likaongeza jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka: lilikataza pia mafunzo, ushauri na huduma za kiufundi zinazohusu utengenezaji au ukarabati wa silaha hizo.

Miaka kumi na mmoja baadaye, Septemba 2017, jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilieleza katika taarifa yake kwamba linachunguza mkataba wa takribani yuro milioni 10.5 kati ya Tanzania na kampuni ya Korea Kaskazini iitwayo Haegeumgang. Kazi iliyotajwa ilikuwa kukarabati na kuboresha mitambo ya makombora ya kutungulia ndege aina ya Pechora pamoja na rada ya P-12. Mitambo hiyo yote ni ya asili ya Kisovieti. Nchi iliyotajwa katika uchunguzi huo ndiyo iliyonyoosha mkono kuipitisha marufuku yenyewe. Kwa hiyo swali la iwapo taifa liwekewe vikwazo kwa kujaribu makombora haliwezi kujadiliwa hapa kana kwamba ni ugomvi wa watu wa mbali.

Ili kulijibu swali hilo, ni lazima kuanza na vikwazo tulivyovijua kwa karibu zaidi. Mwandishi wa insha hii alikulia Matamba, wilayani Makete. Anayesimama kwenye ukingo wa safu ile, mahali ambapo barabara yenye kona 57 huanza kuteremka kuelekea Chimala, huliona bonde la Usangu lote, na ndani ya bonde hilo hupita reli ya TAZARA ikitokea Makambako kwenda Mbeya. Wakulima wa viazi na pareto wa huku juu huichukulia reli hiyo kama sehemu ya mandhari. Kihistoria, hata hivyo, reli hiyo ni tunda la vikwazo.

Serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Afrika ilidai hatua kali. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba mwaka huohuo, ikijua kwamba ingepoteza misaada. Desemba 1966 Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 232, na hivyo ndivyo vikwazo vya lazima vya kiuchumi vilivyotumika kwa mara ya kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa. Aliyeumia mapema hakuwa Smith. Ni Zambia, ambayo shaba na mafuta yake vilikuwa vikipitia kusini. Mafuta yakaanza kubebwa kwa malori katika barabara ile ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam hadi mpakani. Bomba la TAZAMA likafunguliwa mwaka 1968. Kisha Wachina wakajenga reli ya kilomita 1,860 kati ya mwaka 1970 na 1975. Rhodesia nayo ilidumu miaka kumi na minne, ikisaidiwa na Afrika Kusini na Ureno, na hata Marekani ilijiruhusu kununua kromiamu yake kuanzia mwaka 1971.

Je, tuseme vikwazo vile vilikuwa kosa? Hapana. Vilikuwa na msingi ambao kila mtu aliuelewa: watu wachache walikuwa wamewanyang'anya wengi nchi yao. Kosa lilikuwa kudhani kwamba vingefanya kazi bila vita vya ukombozi na bila jirani kulipa gharama.

Kwa makombora, msingi huo hauonekani waziwazi hivyo. Hakuna mkataba wa dunia unaozuia nchi kujaribu kombora. Aprili 2012 Korea Kaskazini ilirusha roketi iliyoharibika muda mfupi baada ya kuruka, ikidai ni ya kupeleka setilaiti, na Baraza la Usalama likailaani tarehe 16. Siku tatu baadaye India ilijaribu kombora lake la masafa marefu la Agni-V, na tarehe 25 Pakistani ikajaribu la kwake. Hakuna aliyeadhibiwa kati ya hao wawili. Mtetezi wa Baraza atajibu, kwa haki, kwamba Korea Kaskazini ilikuwa tayari imefungwa na maazimio ya lazima na ilikuwa imejitoa katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ilhali India na Pakistani hazikuwahi kuusaini. Jibu hilo ni sahihi kisheria, lakini lina uchungu wake: aliyewahi kuahidi hubanwa, asiyewahi kuahidi huachwa.

Afrika Mashariki na Kati nayo imewahi kuwa uwanja wa majaribio. Katika pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini, na setilaiti iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Hakuna jirani aliyetishika. Mambo yalikuwa tofauti Shaba, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Huko Mobutu aliikodisha kampuni ya Kijerumani ya OTRAG eneo la takribani kilomita za mraba 100,000. Roketi yake ya kwanza ilirushwa Mei 1977, ya pili Mei 1978, na ya tatu ikashindwa mwezi Juni mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. OTRAG ilisema inatafuta njia nafuu ya kupeleka setilaiti angani. Wasovieti na baadhi ya nchi za Kiafrika walishuku makombora ya kivita. Hakuna azimio la vikwazo lililopitishwa. Shinikizo la kidiplomasia lilitosha, na mwaka 1979 Mobutu akaifungia kampuni, nayo ikahamia Libya.

Tofauti kati ya Malindi na Shaba haikuwa roketi. Mitambo ya aina hiyo inafanana kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa uwazi: nani anajua kinachorushwa, kwa kusudi gani, na kitaangukia wapi. Kwa maoni ya mwandishi, hicho ndicho kipimo kinachofaa. Jaribio lenyewe lisiwe kosa. Kosa liwe kurusha juu ya nchi ya jirani bila taarifa, kama Japani ilivyofanyiwa mwaka 1998 na tena mwaka 2017, au kuvunja ahadi ambayo taifa limeifunga lenyewe. Adhabu nayo ibaki kwenye vipuri, fedha za silaha na wanunuzi wake. Maazimio ya mwaka 2017 yalivuka mpaka huo yalipogusa samaki, nguo na vibarua walioko ughaibuni, watu ambao hawakuwa na sauti yoyote juu ya kombora lolote.

Kipimo hicho hakiipi Tanzania nafuu. Kukarabati Pechora ni huduma ya silaha, si samaki wala nguo. Inaeleweka kwamba jeshi lenye mitambo ya kizamani hutafuta fundi anayeijua, na kwamba urafiki wetu na Pyongyang ni wa tangu mwaka 1965. Lakini kama serikali iliona marufuku ya mwaka 2006 haina haki, mahali pa kusema hivyo palikuwa New York, ilipokuwa na kiti na kura. Jopo lililoanza kuuchunguza mkataba ule lilifikia ukomo tarehe 30 Aprili 2024, baada ya Urusi kutumia kura ya turufu kuzuia muda wake usiongezwe. Vikwazo vyenyewe bado vipo.