Mtoto Hana Akili, ao Hakusikia Neno?

Mtoto akiulizwa neno akanyamaza, watu wazima husema upesi: huyu ni mjinga. Lakini yafaa kuuliza kwanza: hakuweza kujibu, ao hakusikia maana ya maneno aliyoambiwa? Habari ya vipimo vya akili yatuonyesha kwamba hata wataalamu walichelewa kuyatenga mambo hayo mawili.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliweka baraza la kutafuta namna ya kuwatambua watoto wasioweza kufuata masomo pamoja na wenzao, wapate mafundisho ya kuwafaa. Alfred Binet alikuwa mmoja wa wajumbe. Yeye na mganga Théodore Simon walitoa kipimo chao mwaka 1905, chenye maswali 30, wakakitengeneza upya mwaka 1908 na 1911. Mtoto mdogo aliambiwa aonyeshe pua, macho na kinywa. Mwingine achague mstari ulio mrefu zaidi. Mwingine aonyeshe mkono wa kuume, kisha sikio la kushoto. Kwa Binet, kusikia agizo na kulifuata kulikuwa sehemu ya akili. Hata hivyo, swali la kupima hesabu likifungwa ndani ya neno gumu, halipimi tena hesabu. Lapima neno lile tu.

Mwaka 1919 kijana wa Uswisi, Jean Piaget, alifika Paris. Simon akampa kazi ya kuwajaribu watoto kwa maswali ya Mwingereza Cyril Burt. Kazi ilikuwa kuhesabu majibu ya kweli, lakini Piaget alivutwa na yale ya makosa. Akazungumza na watoto, akaona kwamba kosa nalo lina njia yake.

Mwaka 1968 Margaret Donaldson na George Balfour wa Scotland walitoa habari ya watoto wadogo walioonyeshwa miti miwili yenye matunda ya tufaha. Walipoulizwa mti gani una matunda mengi zaidi, walijibu vema. Walipoulizwa mti gani una machache zaidi, wengi walionyesha mti uleule. Je, macho yao hayakuona? Yaliona. Neno ndilo lililowapotosha.

Huko Marekani, Ann Boehm alitoa mwaka 1971 kipimo cha maneno 50 ya namna hii: katikati, nyuma, chini, kila. Mwaka 1978 Alan Kaufman aliyalinganisha maneno hayo na maagizo ya vipimo vya watoto wadogo, hata kile cha David Wechsler cha mwaka 1967. Akakuta kwamba mpimaji hutumia maneno ambayo watoto wengi wa umri ule hawajayajua bado.

Ndiyo maana vipimo vingi vya siku hizi huanza na mfano: mpimaji huonyesha kwa mkono, mtoto hujaribu, akikosa husahihishwa, ndipo kipimo chenyewe kinaanza.

Nasi katika Kongo tuyashike hayo, maana watoto wengi hukuta shuleni Kifaransa ambacho hawakukisikia nyumbani. Basi, mwalimu, kabla ya kuandika sifuri, mwambie mtoto kwa lugha aijuayo: “Nieleze, nimekuagiza nini?” Jibu lake litakuonyesha kama umepima akili yake, ao umepima maneno yako.