Mgeni anakuwa mwenyeji lini?

Mtu akifika katika inchi isiyo yake, akalima, akazaa watoto, akazika wazee wake, atahesabiwa mwenyeji lini? Swali hili si la waamuzi peke yao. Katika Kivu ya Kaskazini limekwisha kumwaga damu, na kati ya wale waliouana wako waliobatizwa katika parokia moja. Basi, yafaa padri na katekista wajue mambo yalivyopita, wasirudilie tu maneno ya sokoni.

Kwanza tusichanganye watu. Kusema Kinyarwanda si alama ya kuwa mgeni. Katika Bwisha, upande wa Rutshuru, wako ambao babu zao walikaa pale mbele ya Wazungu kukata mpaka mwaka wa 1910. Hao hawakuhama popote. Wengine waliletwa na Leta. Ruanda ilikuwa na watu wengi, na njaa ilirudi mara kwa mara. Katika Masisi Wazungu wenye mashamba makubwa walitafuta wafanyakazi. Kwa hiyo Wabeleji walianzisha kazi iliyoitwa kwa Kifaransa Mission d'Immigration des Banyarwanda, tangu mwaka wa 1937 mpaka 1955. Maelfu ya jamaa waliwekwa Gishari na mahali pengine katika inchi ya Bahunde. Kisha wakaja wakimbizi wa mwaka wa 1959 na miaka iliyofuata. Wakimbizi wa 1994 ni shauri lingine kabisa.

Tusisahau shida ya Bahunde. Kwa desturi yao, shamba hutoka kwa mwami, na anayelipokea humheshimu mwami huyo kwa zawadi. Gishari ilipopewa mkubwa wa Kinyarwanda, desturi ile ilikatika. Mwenyeji aliona udongo wa babu zake umetoka mkononi mwake, na kidonda hicho hakikupona.

Wakati wa Wabeleji swali la uraia halikusumbua sana, kwa sababu tangu sheria ya mwaka wa 1925 Kongo na Ruanda-Urundi zilikuwa chini ya utawala mmoja. Lilitokea na uhuru. Tuseme mtu mmoja alifika Gishari mwaka wa 1938 pamoja na bibi yake, asitoke tena. Sheria zilimtendea namna gani?

Sheria ya tarehe 23 Machi 1960, iliyopanga uchaguzi wa kwanza, iliruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka 10 wapige kura. Mtu wetu alipiga kura pamoja na jirani zake. Katiba ya Luluabourg ya mwaka wa 1964 ilisema kwamba Mkongomani ni mtu ambaye mmoja wa wazazi au babu zake ni wa kabila lililokaa Kongo mbele ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mtu wetu akabaki inje. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ikawapa ukongomani wale wa Ruanda-Urundi waliokaa Kivu mbele ya tarehe 1 Januari 1950 bila kutoka. Akaingia. Lakini wengi walinungunika, wakiona katika sheria hiyo mkono wa Barthélemy Bisengimana, mkubwa wa ofisi ya Mobutu. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaifuta njia hiyo, ikarudisha tarehe nyuma mpaka 1 Agosti 1885, wakati Leopold II alipotangaza Leta yake. Mwaka wa 1982 hata barua za uraia zilizokwisha kutolewa zikavunjwa. Anayetaka sherti aombe upya, mmoja mmoja.

Mtu huyu hakuhama nyumba yake. Lakini ndani ya miaka 21 alipiga kura kama wenyeji, akawa mgeni, akawa mwenyeji, akawa mgeni tena. Na jirani yake Muhunde naye hakujua ni nani atakayechagua pamoja naye kesho, wala ni nani atakayeshika udongo. Hofu mbili zilikaa kwenye kilima kimoja. Mwezi wa tatu wa mwaka wa 1993 machafuko yalianza Ntoto katika Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu wakafa.

Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inahesabu makabila ambayo watu wao na inchi yao vilikuwa sehemu ya Kongo siku ya uhuru. Mabishano juu ya maana ya maneno hayo hayakuisha. Kwa mgeni anayeomba, inataka awe mtu mzima, awe amekaa miaka 7, ajue lugha moja ya Kongo, awe na mwenendo mwema, na aache uraia mwingine. Masharti hayo yanamwangalia mtu mwenyewe.

Wanaseminari wanajua kwamba Eklezia nayo ina sheria ya makao. Kwa Kodeksi ya mwaka wa 1917, mtu alipata makao katika parokia akikaa na nia ya kubaki daima, ao akitimiza miaka 10. Kodeksi ya mwaka wa 1983, kanuni ya 102, imepunguza miaka hiyo kuwa 5. Inauliza nia na miaka, haiulizi kabila. Tena, makao yaliyokwisha kupatikana hayapotei kwa sababu mkubwa amebadilisha tarehe; yanapotea mtu akiondoka bila nia ya kurudi.

Si kazi yetu kuandika sheria za Leta. Lakini buku la ubatizo liko mikononi mwetu. Tuandike ndani yake jina la mtoto, la baba na la mama, mahali na siku, bila kuongeza wala kupunguza, hata wakubwa wakitusukuma. Na Muhunde akituambia shida ya udongo wake, tumsikilize mpaka mwisho, kama tunavyomsikiliza aliyenyanganywa barua zake.