Nani Hulipa Serikali Inapojibana? Hoja ya Kutetea Huduma na Ajira za Umma Nairobi

Katikati ya Aprili 2024, kongamano la tatu la kitaifa kuhusu gharama ya mishahara ya umma lilifanyika Bomas of Kenya, Lang'ata. Liliazimia kwamba kufikia mwaka 2028 mishahara ya watumishi wa umma isizidi asilimia 35 ya mapato ya serikali, ilhali wakati huo ilikuwa imevuka asilimia 40. Wiki hiyohiyo madaktari wa hospitali za umma walikuwa mgomoni. Walikuwa wamesusia kazi tangu 14 Machi, na mara kwa mara waliandamana na makoti yao meupe hadi Afya House, makao ya Wizara ya Afya. Kiini cha mzozo kilikuwa madaktari wanagenzi. Mkataba wa mwaka 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali sasa ilitaka kuwalipa 70,000. Mgomo ulikwisha 8 Mei, baada ya siku 56, na suala la wanagenzi likaahirishwa.

Lang'ata walijadili asilimia. Mjini walijadili nani atakayekuwa wodini usiku. Makala haya yanadai kwamba mijadala hiyo miwili ni mmoja, na kwamba tumezoea kuusikiliza upande wake wa kwanza tu. Sitetei kila kiti kilichopo serikalini. Ninachosema ni kwamba historia ya Nairobi yenyewe inaonyesha jambo moja: serikali inapopunguza matumizi ya huduma, gharama haiondoki. Huhamia kwa mtu mwingine, na mtu huyo hana safu yake katika vitabu vya Hazina.

Tuanze na hiyo asilimia 35. Ni uwiano, na uwiano una pande mbili. Mishahara inaweza kuonekana mikubwa kwa sababu watumishi ni wengi, au kwa sababu wachache walio juu wanalipwa mno, au kwa sababu mapato hayakukusanywa ipasavyo. Tarakimu ile haisemi ni ipi kati ya hizo. Wala haisemi zamu moja ya usiku ina wauguzi wangapi. Nchi inaweza kufikia asilimia 35 kwa kufunga wodi, na kwenye jedwali la bajeti, jambo hilo likahesabiwa kuwa ufanisi.

Pili, mishahara si mzigo pekee. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25, makadirio ya riba ya madeni pekee yalivuka shilingi trilioni moja. Mnamo Februari 2024, mwezi mmoja kabla ya mgomo wa madaktari, Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa kwa gharama inayozidi asilimia 10 kwa mwaka, ili iweze kulipa mkopo wa mwaka 2014 uliokuwa ukikaribia kuiva. Sisemi kwamba deni lisilipwe. Nasema tuitazame Katiba ya 2010 jinsi ilivyopangwa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, elimu na maji safi ya kutosha. Kifungu cha 214 kinasema deni la umma litatozwa kwenye Mfuko Mkuu wa serikali. Haki zote mbili zimo katika sheria moja, lakini ya mkopeshaji hulipwa kwanza, tena bila mjadala, na ya mgonjwa wa mtaa wa Kangemi hutimizwa hatua kwa hatua kadiri fedha zinavyopatikana. Kwa hiyo kila kisu kinapotolewa, hukata palepale: kwenye kile ambacho hakikulindwa. Mwalimu, muuguzi, dawa, mabomba.

Haya si mapya. Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya ilifuta ada ya shilingi tano iliyotozwa wagonjwa wa nje, kwa kuwa maradhi yalitajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Mnamo Desemba 1989, chini ya mipango ya marekebisho ya uchumi iliyosukumwa na wakopeshaji, ada ilirudishwa kwa jina la kuchangia gharama. Kilichotokea katikati ya Nairobi katika miezi iliyofuata kiliandikwa vizuri kuliko kawaida, na kinastahili kusomwa kwa makini.

Eneo la River Road kulikuwa na kliniki maalumu ya jiji ya magonjwa ya zinaa, ile ambayo wengi huiita Casino. Stephen Moses, Firoze Manji na wenzao walilinganisha mahudhurio ya kliniki hiyo kabla ya ada, wakati wa ada, na baada ya ada kusitishwa mwaka 1990. Matokeo yao yalichapishwa na jarida la The Lancet mwaka 1992. Katika muda wa takriban miezi tisa ya ada, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya kiwango cha awali. Ya wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa, wanaume walirudi hadi asilimia 64 tu. Wanawake walipanda hadi asilimia 122.

Hiyo 122 ndiyo tarakimu ninayotaka msomaji aikumbuke kila anapomsikia waziri akizungumzia fedha zilizookolewa. Haielekei kwamba ugonjwa ulizuka ghafla siku ada ilipofutwa. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni kwamba baadhi ya wanawake hao walikuwa wamekaa na maambukizi nyumbani, wakisubiri. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo virusi vya UKIMWI vilikuwa vikienea jijini, na ilikwisha kujulikana kwamba ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huvifungulia njia. Daftari la kliniki lilionyesha mapato ya ada. Maambukizi ambayo ada hiyo iliyaacha bila tiba hayakuandikwa kuwa matumizi ya mtu yeyote. Ada ilirudi tena mwaka 1992, mambo yote hayo yakijulikana. Zahanati na vituo vya afya vilisubiri hadi 2004 kushushiwa ada kuwa shilingi 10 na 20, kisha hadi 2013 kuondolewa kabisa.

Elimu ilipita njia ileile. Mwaka 1998 serikali ilisitisha kuajiri walimu wapya isipokuwa kujaza nafasi za walioondoka. Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo, na zaidi ya watoto milioni moja wa ziada wakaingia shuleni nchini. Watoto walifunguliwa mlango, walimu wakabaki walewale. Mitaa ya mabanda ilikuwa na shule chache za umma, na zilizokuwepo zikafurika. Wazazi wa Kawangware na Kangemi walifanya walichoweza: wakawahamishia watoto katika shule za mabati zenye karo ndogo, zilizoongozwa mara nyingi na walimu wasio na mafunzo. Baadaye wakaja wataalamu wakasema kwamba maskini wa Nairobi wameonyesha wanapenda shule za binafsi. Ni hoja ya ajabu. Mtu aliyenyimwa kiti kwenye basi hakuonyesha kwamba anapenda kutembea.

Atokaye mjini kwa matatu ya Kawangware, akapita Upper Hill na hospitali kuu ya Kenyatta, akafuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, anaweza kusoma mpangilio huu kwa macho. Upande wa Lavington, kila ua una mlinzi wa kampuni, kisima cha kuchimbwa au lori la maji, na mtu aliyelipwa kuzoa taka. Mwendo mfupi kutoka hapo, Kawangware, maji yanasukumwa kwa mkokoteni na kuuzwa kwa mtungi. Kwenye kemisti mgonjwa aliyeandikiwa dawa katika kituo cha umma na kuambiwa akanunue nje anaulizwa ana pesa ngapi. Mwuzaji huchukua mkasi, akakata vidonge kutoka kwenye pakiti kulingana na jibu, akavitia katika bahasha ndogo ya karatasi. Dozi ya siku saba huwa ya siku mbili. Mitaa yote miwili imejinunulia huduma ambazo serikali iliziacha. Mmoja kwa ziada yake, mwingine kwa pesa ya unga. Tena mwajiriwa wa leo, awe wa Lavington au Kawangware, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 kwa nyumba za bei nafuu. Bahasha ya vidonge vya siku mbili hulipiwa baada ya makato hayo.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, na nisingependa kuikwepa. Mkenya wa kawaida hana sababu nyingi za kumpenda mtumishi wa umma. Amedaiwa kitu kidogo, ameambiwa faili limepotea, amesikia habari za wafanyakazi hewa na za kazi zinazogawanywa kwa ukoo. Tangu tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliporuhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao binafsi, tumekuwa na daraja la maofisa ambao duka lao hunufaika pale ofisi yao inapolegea. Hilo ni kweli, na mtetezi wa sekta ya umma asiyelisema hastahili kusikilizwa. Lakini tiba yake si kupunguza watu wa kaunta. Kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Novemba 2013 katika jengo la Posta Kuu, Kenyatta Avenue. Idara kadhaa ziliwekwa chini ya paa moja, mwananchi akapewa nambari ya foleni, na kazi iliyokuwa ikimzungusha kutoka ofisi hadi ofisi ikaanza kufanyika mahali pamoja. Hapakuuzwa shirika. Palipangwa kazi, wakawekwa watumishi na mashine.

Ndiyo maana yaliyotokea baada ya Juni 2024 yanauma. Vijana waliojaza Moi Avenue na Kenyatta Avenue kupinga Mswada wa Fedha walidai serikali ipunguze matumizi, na walitaja waziwazi yapi: washauri, safari, magari, ofisi za wake wa viongozi. Rais alikataa kutia saini mswada huo 26 Juni, na 5 Julai akatangaza kwamba bajeti ingepunguzwa kwa shilingi bilioni 177, mashirika 47 yangevunjwa, washauri wangepunguzwa nusu. Kwenye karatasi hayo ndiyo yaliyodaiwa. Lakini miongoni mwa fedha za kwanza kutajwa kuwa hatarini zilikuwa za kuwapa ajira ya kudumu walimu wanagenzi 46,000 wa sekondari ya msingi. Walipata barua zao Januari 2025, baada ya migomo na kelele. Dai la kupunguza anasa lilikuwa karibu kulipwa kwa kumpunguza mwalimu.

Huyo mwanagenzi ni mtumishi wa aina mpya, na nadhani ndiye sura halisi ya kujibana kwa sasa. Miaka ya 1990 serikali ilistaafisha watu mapema na kuwapunguza kazini hadharani. Siku hizi haifukuzi. Humwajiri mwalimu aliyehitimu kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na kumwita mwanafunzi wa kazi, jambo ambalo Mahakama ya Ajira ililikataa Aprili 2024. Iliwaajiri wahudumu wa afya kwa mkataba wakati wa korona, mwaka 2020, na mwaka 2025 wengi wao walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House wakidai masharti ya kudumu. Huahirisha malipo ya wahadhiri hadi wagome siku 49, kama ilivyokuwa kati ya Septemba na Novemba 2025, kwa ajili ya shilingi bilioni 7.9 walizokuwa wakidai. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitwa kupunguza ajira. Lakini muuguzi asiyejua kama mkataba wake utaongezwa mwezi ujao huanza kutafuta kazi Ghuba au Uingereza, na fedha za umma zilizomsomesha huenda naye.

Katiba inataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika masuala ya fedha za umma. Wasomaji wa jarida hili wengi ni wahadhiri na watafiti, na wanazo njia za kuhesabu kile kisichohesabiwa na Hazina: mahudhurio ya kliniki, ukubwa wa madarasa, dozi zilizonunuliwa nusu. Hesabu hiyo ifanywe mtaa kwa mtaa. Kisha kila bajeti ya ziada inayopunguza huduma ifikishwe Bungeni ikiwa na jedwali la pili, linaloonyesha gharama hiyo inahamia kwa nani na kwa kiasi gani, na mbunge wa Dagoretti Kaskazini au Westlands asiipigie kura kabla ya kuwasomea wapiga kura wake jedwali hilo.