Yaeli na Majirani Zake: Mwanamke wa Biblia na Mamlaka katika Picha Zilizochapwa Uholanzi, Karne ya 16

Katika kitabu cha Waamuzi, Yaeli anamkaribisha hemani Sisera, jemadari aliyeshindwa vitani, anamnywesha maziwa, kisha anampigilia kigingi kipajini akiwa usingizini. Wimbo wa Debora unamtukuza kwa tendo hilo. Hata hivyo, katika picha zilizochapwa Uholanzi katika karne ya 16, utukufu huo haukuwa thabiti.

Yapata mwaka 1517, Lucas van Leyden alibuni mfululizo mdogo wa picha za kuchongwa kwenye mbao, ambao wanahistoria wa sanaa huuita Nguvu ya Wanawake. Humo Yaeli anajumuishwa na Hawa, Delila na Yezebeli. Dhamira yenyewe ilikuwa kongwe: waandishi wa Zama za Kati walikwisha kuwaorodhesha wanaume mashuhuri walioangushwa na wanawake, wakiwamo Adamu, Samsoni, Sulemani na hata mwanafalsafa Aristotle. Orodha ya namna hiyo ilihesabu maanguko tu. Haikujali kwamba Samsoni alikuwa mwamuzi wa Israeli, ilhali Sisera alikuwa adui wake.

Kazi za Maarten van Heemskerck, zilizochongwa na Philips Galle kwenye mabamba ya shaba, zinaidhihirisha hali hii zaidi. Katika mfululizo wao wa wanawake wa kuigwa, Yaeli yumo pamoja na Ruthu, Esta na Bikira Maria. Katika mfululizo wao mwingine, wa mwaka 1569, Yaeli huyohuyo yumo pamoja na Hawa na Delila. Mbunifu ni yuleyule, mchongaji ni yuleyule, na kisa ni kilekile. Kilichobadilika ni majirani.

Kwa hiyo, hukumu juu ya mamlaka ya mwanamke haikutokana na Maandiko peke yake, wala na umbo lililochorwa peke yake. Ilitokana pia na mpangilio: nani anatangulia, nani anafuata, na mfululizo mzima una dhamira gani. Uwezekano wa kumhamisha Yaeli kutoka kundi hadi kundi unaonyesha kwamba mpaka baina ya shujaa na mlaghai haukuwa imara kama mifululizo hiyo ilivyodai. Mtafiti anayeuchunguza ukurasa mmoja uliotengwa na wenzake humwona Yaeli na nyundo yake, lakini hukumu aliyopewa humponyoka.