Kiti Kilichotundikwa Ukutani Thirsk

Thirsk ni mji mdogo wa soko huko North Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Katika mtaa wake wa Kirkgate ipo nyumba alimozaliwa Thomas Lord mwaka 1755, yule ambaye uwanja mashuhuri wa kriketi jijini London ungali unaitwa kwa jina lake. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho ya mji. Lakini habari zake zimefika mbali kwa sababu ya kiti kimoja cha mbao kisichokaa sakafuni. Kimetundikwa juu ukutani, miguu yake yote minne ikielea, ili asitokee mtu wa kukikalia.

Inasimuliwa kwamba kiti hicho kililaaniwa na Thomas Busby, aliyenyongwa mwaka 1702 kwa kumuua baba mkwe wake, Daniel Auty. Wawili hao, wasema wasimulizi, walikuwa wakighushi sarafu pamoja. Siku moja Busby alirudi akamkuta mzee amekalia kiti anachokipenda. Maneno yakazuka, na usiku uleule nyundo ikayakata. Baada ya kunyongwa, maiti yake ilitundikwa kwenye nguzo penye njia panda karibu na kijiji cha Sandhutton, mbele ya baa. Watu wa kaskazini nguzo huiita stoop, na ndiyo asili ya jina la baa ile, Busby Stoop. Inasemwa pia kwamba alipokuwa akipelekwa kunyongwa aliapa kuwa atakayekalia kiti chake hatadumu.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa uzito wa njia panda. Anajua ni vitu gani huachwa pale usiku. Anajua pia kwamba kwetu mtu mwenye pepo huitwa kiti, kwa kuwa pepo humpanda na kumkalia. Wazee wetu wangeielewa hadithi ya Thirsk mara moja. Tofauti ni kwamba huku pepo hutafuta mtu wa kumkalia, na kule aliyekufa anamngojea mtu aje akae.

Sasa tukitazame kiti chenyewe. Adam Bowett, mtaalamu wa historia ya samani, alikichunguza akaona kwamba vijiti vyake vimekerezwa kwa mashine. Enzi za Busby, fundi alikereza kwa keezo la kukanyaga kwa mguu, na kazi ya mkono na mguu haifanani na kazi ya mashine. Bowett alikadiria kwamba kiti kiliundwa mwaka 1840, miaka 138 baada ya Busby kunyongwa. Muuaji hakukiona, wala hakukilaani.

Wengi wakifika hapa hufunga mjadala. Mimi naona ndipo swali linapoanza: kama laana haikutoka kwa Busby, ilitoka wapi?

Jibu langu liko kwenye mashamba ya karibu na njia panda ileile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palijengwa hapo uwanja wa ndege za kivita wa Skipton-on-Swale, na vikosi vya Kanada vikaletwa, kikiwemo cha 424 na cha 433. Vijana hao waliruka usiku na mabomu kuelekea Ujerumani, watu saba katika ndege moja. Kwa kawaida zamu moja ilikuwa safari 30. Kati ya watu wapatao 125,000 waliorukia kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa. Jioni ambazo hawakuruka, baa ya Busby Stoop ilikuwa karibu, na kiti kilikuwa ndani. Hapo ndipo hadithi inapodai kwamba kila aliyekikalia hakurudi.

Fikiria chumba kile. Vijana wa miaka ishirini na kitu, waliovuka bahari, wanacheka na kusukumana wakae, na kila wiki nyuso zinapungua. Katika hesabu ya namna hiyo, kiti chochote kingeua. Meza ingeua, bilauri ingeua. Nao waliokaa wakarudi salama hawakuwa na kisa cha kusimuliwa. Naamini vifo vile ndivyo vilivyokipa kiti nguvu. Busby alikopwa jina tu, kwa kuwa jina lake lilikuwa tayari juu ya mlango.

Vita vilikwisha, hadithi haikukoma. Katika miaka iliyofuata walitajwa madereva waliopata ajali, na fundi wa ujenzi aliyekaa mchana na kuanguka alasiri ileile. Mwenye baa akakiondoa na kukificha chini, lakini hata huko, inasemwa, dereva aliyeleta mizigo alikikalia akafa njiani. Mwaka 1978 kikakabidhiwa makumbusho kwa sharti moja: asikikalie mtu tena.

Baa imekwisha kufungwa, na jengo lake likageuzwa mkahawa wa vyakula vya Kihindi. Pale Skipton-on-Swale umebaki mnara wa kuwakumbuka wale Wakanada. Kule Kirkgate bado hutokea mgeni akaomba ashushiwe kiti akikalie kidogo tu, apige picha. Hukataliwa, ingawa kila mmoja sasa anaweza kusoma habari za mashine na mwaka 1840.