Uingereza 2020: kikohozi kimoja, maagizo mawili

Tangu 2012 Waingereza waliambiwa: ukikohoa wiki tatu, ona daktari, inaweza kuwa kansa ya mapafu. Tarehe 12 mwezi wa tatu 2020 corona ikageuza maneno: mwenye kikohozi kipya kisichokatika abaki nyumbani siku 7, asiende hospitali. Watu wakatii, na nani angewalaumu? Wengine waliogopa kuambukizwa, wengine hawakutaka kusumbua waganga waliochoka. Waliotumwa kupiga picha ya kifua wakapungua sana. Hata kipimo cha kuingiza mpira mwembamba mapafuni kilipunguzwa, sababu mgonjwa hukohoa na kutawanya virusi. Kansa ingali ndogo hukatwa kwa upasuaji. Ikishasambaa, kisu hakiwezi tena kuimaliza. Miezi ilipopita, baadhi ya wagonjwa walifika hospitali ikiwa imeshasambaa.