"Acha Ujumbe": Mashine ya Kupokea Simu na Kiswahili cha West Nile

Mwaka 1898 Mdenmarki Valdemar Poulsen alibuni chombo cha kunasa sauti kwenye waya wa chuma, akiwa na nia kwamba apigaye simu aweze kuacha maneno hata mwenyeji asipokuwepo. Mwaka 1971 kampuni ya Marekani iitwayo PhoneMate ilianza kuuza mashine ya kazi hiyo kwa matumizi ya nyumbani. Huku kwetu Arua na Koboko mashine hiyo haikuenea kamwe. Hata hivyo, sisi walimu wa Kiswahili tuna la kujifunza kutokana na historia hiyo.

Kuitayarisha mashine nyumbani kulihitaji mambo matatu: simu ya mezani, umeme na salamu iliyorekodiwa kwa sauti ya mwenye nyumba.

Simu za mezani zilikuwa chache, nyingi zikiwa maofisini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vilivyofuata viliwakimbiza watu wengi wa West Nile hadi Zaire na Sudan. Umeme nao ulichelewa: mtambo wa maji wa Nyagak ulianza kazi mwaka 2012, na mkoa ukaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Kwa hiyo kazi ya mashine ilifanywa na watu. Dereva wa basi alibeba barua na maagizo. Karani wa redio kol alipokea habari na kuzifikisha. Tangazo la msiba lilisomwa redioni. Simu za mkononi zilipoingia Uganda, Celtel mwaka 1995 na MTN mwaka 1998, watu walijifunza kubipu. Mashine ya mezani ikarukwa.

Jambo la tatu, yaani salamu, ndilo linalotuhusu zaidi. Irekodiwe kwa lugha gani? Katika soko la Koboko husikika Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili. Kiswahili kilienea huku hasa kupitia jeshi. West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914, na vijana wake wengi waliandikishwa katika King's African Rifles. Kwa wazee wengi, basi, Kiswahili kikawa lugha ya amri: njoo, simama, lete. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 kukifanya lugha ya taifa halikuiondoa sura hiyo.

Tuliliona hilo darasani. Tuliwaomba wanafunzi waandike maneno ya mashine ya kupokea simu. Wengi waliandika: "Hatupo. Sema jina. Acha ujumbe." Sarufi ni sahihi, lakini ni sauti ya lango la kambi. Tukawauliza kama shangazi yao, akipiga kutoka Arua, angeacha ujumbe. Walicheka, kisha wakaandika upya: "Hamjambo? Hapa ni nyumbani kwa mwalimu. Tunaomba radhi, kwa sasa hatupo karibu na simu. Tafadhali tuachie jina na ujumbe wako, nasi tutakupigia. Asante, karibu tena."

Tazameni tofauti. "Acha" limekuwa "tuachie": kiambishi cha watendwa na kauli ya kutendea vimelainisha amri. Ombi la radhi limetangulia. Salamu nayo imetolewa ingawa mashine haiwezi kusikia "hatujambo", kwa kuwa kwa Kiswahili mazungumzo yasiyo na salamu huonekana ya ugomvi.

Kiswahili kiliandikwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa Koboko watakipokea kwa sauti ipi? Mashine ile imepitwa na wakati, lakini ujumbe wa sauti umerudi kupitia WhatsApp. Tunawashauri walimu wenzetu walitumie zoezi hili mapema katika muhula. Mwanafunzi ajue kuomba kabla hajajua kuamuru.